Kiti cha Dereva

Docus uko? Usipige simu, siwezi kuongea. Nalia.

Ile van ya marehemu Baba. Si unajua inavyotutesa? Leo giaboksi, kesho rejeta, na kila mara Mama anasema tengenezeni tu, msiuze. Tulidhani ni ubishi wa uzee.

Leo nimeenda na Mama kuichukua kwa Nasur, yule fundi wetu wa Kisenyi. Imewaka mara moja!! Nikashangilia kama mjinga.

Nasur naye anacheka, anasema, "Mama, kwa vile mmenivumilia sana, nimekupa zawadi. Kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea vibaya, nimekufungia kingine kizuri. Bure."

Nikasema asante. Docus, MIMI nilisema asante!

Mama akafungua mlango wa dereva. Unajua haendeshi. Akaweka kiganja juu ya kiti, akapapasa, akapapasa tena. Akauliza polepole, "Pale alipokuwa anakaa pako wapi?"

Pale alipokuwa anakaa. Pale palipobonyea kwa uzito wa Baba, Docus. Kila asubuhi Mama akituambia anaenda kufuta vumbi kwenye gari, kumbe alikuwa anaenda kukaa naye.

Nasur alikimbia kukitafuta kile cha zamani. Lakini Kisenyi, na wale wauza spea wote, hakuna kitu kinacholala. Kimeshachanwa, sponji imeshauzwa.

Nimeendesha mimi mpaka nyumbani Mbuya. Na gari inakwenda laini, kama mpya.

Tulipofika getini ndipo akasema, "Sasa iuzeni."