Kompyuta Inayozima Mama Akifika Pale Pale

Jumatatu, 3 Juni

Imezima tena. Hakuna onyo, hakuna mlio — kioo cheusi tu, na uso wangu ndani yake, mdomo wazi. Mara ya tatu tangu nianze kuandika habari za mama.

Daktari alisema tuyaandike anayoyakumbuka kabla hayajamtoka yote. Kurekodiwa hataki. Akisikia sauti yake kwenye simu anauliza ni bibi gani huyo anayelalamika. Ila mlio wa vibonye anaupenda. Nikichapa anasimulia; nikiacha, na yeye anaacha. Basi kila siku baada ya chakula cha mchana tunajifungia chumba cha mbele. Mimi kwenye kibodi, yeye pembeni ya meza na shali yake, miguu imeegemea kasha la kompyuta lililo sakafuni. Pazia linajaa upepo, linashuka. Kuna wakati nasahau kama naandika au naota.

Leo kaanza tu, bila kuulizwa: kabla yangu kulikuwa na mwingine. Mimi! Niliyejidai kifungua mimba miaka hamsini na mbili! Mwingine nani, mama? Msichana, akasema. Alikuwa anatetemeka...

Giza. Mama akauliza kama nimeshakunywa chai.

Jumanne, 4 Juni

Nimefuta programu nisizozijua. Nimeweka antivairasi mpya. Nimeuhamishia waya kwenye soketi ya ukutani. Asubuhi nzima nikachapa upuuzi: mashairi mabovu, barua ya kumsema mdogo wangu wa kiume ambayo sitaituma. Inakwenda kama maji!

Mchana mama akakaa. Shule, harusi, nyumba ya kwanza iliyokuwa ikivuja juu ya kitanda tu. Karibu saa nzima. Akamfikia yule msichana — pu! Nilikuwa nahifadhi kila sentensi, kwa hiyo maneno yapo. Lakini uzi wa mama ukikatika, siku hiyo haurudi.

Mdogo wangu kwenye simu: nunua mpya, achana na hilo kopo. Rahisi kusema ukiwa mbali.

Alhamisi, 6 Juni

Kwa fundi. Kapuliza vumbi, kabadilisha kipande cha ram, kaiacha icheze video tangu asubuhi mpaka anafunga duka. Haikuzima hata mara moja. Anasema haina ugonjwa, labda inanionea haya mimi. Nikamwambia inazima mama akiwepo tu. Akacheka: basi mama ana nyota kali!

Nilicheka na mimi. Ila njiani, kasha likiwa mapajani, nilianza kulifikiria kama mtu aliyesikia habari fulani na hataki kuzisikia tena. Umri huu, kichwa hiki.

Jumamosi, 8 Juni

Mawingu tangu asubuhi. Chumba chote rangi ya majivu, na mama sauti yake laini, kama anamsimulia mtu mwingine aliyekaa nyuma yangu.

Mtoto alikuwa wa miezi mitano. Homa ilimpanda, akawa anatetemeka, mama akadhani ni baridi. Akamfunika shuka, juu yake blanketi, juu ya blanketi koti la baba. Akakesha akiyachomekea vizuri pembeni. Alfajiri akambeba mpaka zahanati. Muuguzi alifunua koti, akafunua blanketi, akafunua shuka, akasema mbele ya foleni nzima: mtoto wa homa hafunikwi hivi, mama, umempika mwenyewe.

Mama aliyasema haya akichezea ncha ya shali. Hakulia. Vidole vyangu vilikuwa vinachapa vyenyewe. Nikauliza, alikuwa anaitwa nani?

Akatabasamu! Jina lake, akasema, alilichagua baba yako, jina lake —

Giza.

Nimelia kama mtoto. Mama akanipangusa kwa kiganja, akauliza nani amenipiga.

Jumapili, 9 Juni

Sikuiwasha. Nililala mchana, nikaota nina dada mrefu kuliko mimi, ananisuka nywele. Niliamka kichwa kikiniwasha.

Jumanne, 11 Juni

Fundi alinipa ushauri: ikizima tu, usiangalie kioo, liguse kasha, kisha uniambie. Nikaweka simu mezani, yeye hewani, spika wazi. Mama akasimulia. Shule, harusi, nyumba inayovuja. Mtoto. Blanketi, koti. Ikazima.

Nikainama chini ya meza. Mkono wangu haukugusa chuma. Uligusa sufu.

Shali ya mama! Imekunjwa mara mbili, imefunika kasha lote, ncha zimechomekewa pande zote. Chini yake joto la pasi. Na kila siku akiinuka huichukua, akajitanda, akaondoka nayo — ndiyo maana sikuwahi kuiona. Siku zote hizi! Nilitaka kucheka kwa furaha.

Mama, nikasema, ni wewe uliyeifunika?

Inatetemeka, akasema. Nikiweka mguu naisikia. Ina baridi, masikini.

Feni! Anaisikia feni. Na fundi naye mezani akapaza sauti: ndiyo hiyo, dada, imefunikwa, joto ndilo linalo— Nikaikata simu. Sijui aliishia wapi. Sijui mama amesikia mpaka wapi.

Naandika haya hapa hapa, kwa kalamu, nimemdanganya kwamba namwandikia fundi ujumbe. Kesho nitalipandisha kasha juu ya meza, asilifikie, na shali abaki nayo mabegani. Hilo ni jepesi. Tutaanza tena tangu shule, atafika kwenye jina, nami nitalichapa jina la dada yangu. Nalitaka mno jina hilo.

Lakini hiyo ni kesho. Sasa hivi shali iko mapajani mwangu, bado ya moto, na mama ameinama, kiganja juu ya kasha. Haitetemeki tena, anasema. Anauliza fundi amesema nini. Namwambia ngoja, mama, nimalizie mstari. Hangoji. Ameushika mkono huu ninaoandikia. Anauliza kama ni yeye tena aliyeipika.