Changu Wako Kaokoa Ijumaa

Shikamoo Bibi,

Mwanangu Asya sasa hivi kasimama mbele ya mishumaa, kajifunika macho kwa viganja vile vile kama Bi Miriam anavyoomba. Tumecheka! Bi Miriam ni mgeni wetu hapa Misfat, Myahudi mzaliwa wa Baghdad. Mama mkwe alimpelekea nyama ya mbuzi na mtindi, hakugusa. Kwao nyama na maziwa haviliwi pamoja, na mbuzi lazima achinjwe na mtu wao.

"Hata halali yetu haimtoshi?" Mama mkwe akanuna.

Mgeni alale na njaa kwetu, aibu gani! Nikamkumbuka yule samaki changu uliyenifungia kwa barafu huko Sur pwani. Bi Miriam kayatazama magamba, katabasamu: "Huyu ana magamba na mapezi, ni kosher, halali yetu."

Lakini leo Ijumaa, jua likizama tu Sabato yao inaingia, moto hauwashwi tena. Mbio! Nikamfunga samaki kwa foili mpya asiguse vyombo vyetu vya nyama, na Bi Miriam mwenyewe akawasha makaa, maana ndivyo dini yao inavyotaka. Kaiva jua bado liko mlimani! Bibi, tumeshinda mimi na wewe!

Mungu ayape nguvu magoti yako. Mama mkwe huyo anaita, "Zuwena, njoo! Mgeni hali bila wewe!" Basi Bibi, nakubusu mikono. Wako, Zuwena.