Fuko Chini ya Ukoka Wetu

Kilosa, Jumamosi, 10 Julai 1971

Asubuhi ya baridi kali. Ukungu umeshuka kutoka milimani hadi kwenye reli, na mpaka saa tatu sikuweza kuona kituo kutoka dirishani. Umande mwingi, upepo hakuna.

Nilitoka kabla ya chai kutazama mitego. Yote miwili iko kama nilivyoitega jana. Kando ya mmojawapo fuko ametoa lundo jipya la udongo, mweusi na laini kama unga uliochekechwa. Lundo jingine liko karibu kabisa na ngazi ya baraza.

Nilisimama pale na kanga mbili mabegani, nikataka kulia. Sikulia, lakini naandika kwamba nilitaka.

Mtu asiyejua angeshangaa mwanamke mzima kulilia majani. Basi niandike kwa utaratibu, labda nami nitajielewa.

Stefano, mume wangu, ni mkaguzi wa njia ya reli kati ya hapa na Mikumi. Mwezi wa pili toroli lao lilikuta nyati wamelala relini kwenye kona, yeye na wenzake wakalazimika kuruka. Wenzake waliinuka wakajipangusa vumbi. Yeye mguu ulivunjika chini ya goti. Plasta ilitolewa mwezi wa tano, akapewa magongo mawili na kuambiwa atembee kila siku, tena si ndani ya nyumba tu, la sivyo goti litaganda. Mwisho wa mwezi huu daktari wa reli atamtazama akitembea. Akitembea vizuri, atarudi kazini. Asipotembea, ataachishwa, na kota hii itapewa mtu mwingine.

Mbele ya kota kuna ukoka. Uliachwa na Mzungu wa reli aliyeishi hapa kabla ya Uhuru, na tangu tulipohamia mimi ndiye niliyeutunza. Mtaa mzima hakuna mwenye ukoka ila mimi. Majirani wana viwanja vilivyofagiliwa, vyeupe, vigumu. Naukubali ukweli: nauonea fahari. Plasta ilipotolewa nilisema mazoezi atayafanyia hapo, kwa kuwa ni tambarare na laini.

Kisha wakaja fuko.

Wiki tatu zilizopita wenzake wa kazini walikuja kumjulia hali. Alitaka kuwaonyesha. Alikwenda hatua chache nzuri, tena akiongea, ndipo gongo la kushoto lilipozama kwenye njia ya fuko hadi nusu, naye akaanguka kifudifudi mbele yao. Walimwinua haraka, na hakuna aliyecheka. Nadhani kama wangecheka, asingeumia sana moyoni.

Tangu siku hiyo hajashuka ngazi. Nikimwambia twende, ananijibu, "Kesho, Mama Neema." Hana hasira. Anasema kwa upole kabisa, halafu anarudi kuitazama kofia yake ya kazi, ambayo ameitundika kwenye msumari pale barazani na hataki mtu aiguse hata kuipangusa.

Mimi nimepigana na fuko badala ya kugombana naye. Nimetwanga majani ya utupa, ule mmea wa sumu ya kuvulia samaki, nikayasokomeza kwenye mashimo. Nimechoma pilipili na kupuliza moshi ndani, nikakohoa mimi peke yangu. Mtego umefanya kazi kidogo. Unafukua njia yake ikae wazi, unaweka kitanzi cha kamba ya katani, unaifunga kamba kwenye fimbo iliyopindwa. Fuko hapendi hewa iingie kwake, basi anakuja kuziba kwa udongo, na akisukuma anafyatua fimbo. Nimewanasa wawili kwa njia hiyo. Wengine wamekuja kushika nafasi zao.

Leo asubuhi nilipomaliza vyombo nilitoka na karai la maji ili niyamwage kwenye ukoka, kama nifanyavyo kila siku.

Nikasimama na karai mkononi.

Nilitazama uwanja wa jirani wa kulia. Hakuna lundo hata moja. Wa kushoto, hakuna. Nilitazama ukoka wetu, na malundo yote yalikuwa ndani ya ule mduara wa kijani. Pale majani yanapoanza kuwa ya kahawia, upande wa barabara ambako huwa sifiki na karai, udongo haujaguswa.

Tangu kipupwe kianze nimemwaga hapo kila tone la maji ya nyumba hii: ya vyombo, ya kufulia, hata ya kuogea. Nilitaka ukoka ubaki mbichi. Nilijiambia kwamba Stefano akianguka, aangukie pahali laini. Ardhi yote ya mtaa imekauka na kuwa kama tofali, na mimi nimewaandalia fuko kipande kimoja chenye unyevu na mizizi minene.

Kama ningekuwa fuko, ningechimba wapi kwingine?

Yale maji nimeyapeleka nyuma kwenye mpapai. Kisha nilikaa jikoni kwa muda. Nilikuwa nimeandaa ardhi ya mtu kuangukia. Ya kutembelea sikuwa nimeiandaa. Sikumwambia Stefano.

Saa tisa walikuja wanafunzi wangu wa elimu ya watu wazima. Jumamosi tunasomea hapa kwangu, barazani, kwa kuwa darasa la shule lina baridi. Wote ni akina mama wa mtaa huu. Somo lilikuwa kuandika majina ya mazao, lakini akili yangu ilikuwa kwenye ukoka, na mwisho niliwaeleza yote: maji, fuko, na kwamba njia zile lazima zibomolewe zote na ardhi ishindiliwe mpaka iwe ngumu. Yule atakayefungua njia upya tutamjua alipo, na hapo ndipo tutatega.

"Kama sakafu ya nyumba mpya," alisema Mama Kulwa.

Mama Kulwa ni Mnyamwezi. Baba yake alikuja kukata mkonge Kimamba, akabaki. Stefano ni Msagara, kwa hiyo hao wawili ni watani, na tangu ajali Mama Kulwa amekuwa akimwonea huruma na kumsalimu kwa adabu, jambo ambalo nadhani lilimtisha Stefano kuliko mguu wenyewe.

Wakaenda majumbani kuchukua vibao vya kupigia sakafu. Waliporudi walijipanga mstari mmoja, kanga wamezifunga kiunoni, na kazi ikaanza. Sakafu haipigwi kimya. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na mwenye nyumba ndiye huimbwa. Mama Kulwa ndiye aliyeanzisha. Aliimba kwamba katika nyumba hii kuna mwanamume aliyepona nyati, akaja kuangushwa na panya.

Nilihisi uso wangu unawaka moto. Nikamtazama Stefano.

"Fuko si panya," alisema kutoka kwenye kiti chake. "Hata hilo hujui, wewe mpagazi. Babu yako alibeba pembe za watu mpaka Bagamoyo, akasahau njia ya kwao."

"Alibeba pembe, lakini alitembea," Mama Kulwa alijibu bila kuacha kupiga. "Wewe unakaa hapo kama mzigo wenyewe. Tukuite mpagazi akubebe?"

Akina mama walicheka mpaka mstari ukavunjika. Miezi mitano hakuna mtu aliyethubutu kumwambia neno kama hilo. Mimi hasa sikuthubutu. Nilisubiri ajifungie ndani. Hakuinuka, ila aliacha kuitazama kofia. Alianza kutazama kazi.

Nilimwona akikunja uso kila vibao viliposhuka. Baadaye akawa anatikisa kichwa. Namjua, hivyo ndivyo anavyofanya akiona kazi inaharibiwa.

"Mnapiga pagumu," alisema. "Njia haipo hapo."

"Iko wapi?"

"Mkono wako wa kulia. Mbele kidogo. Siyo hapo. Siyo hapo, mama, unapiga jiwe."

"Sisi hatusikii kutoka huko," alisema Mama Kulwa. "Njoo uonyeshe, au nyamaza tuimbe."

Stefano aliitazama ngazi. Kisha akanyoosha mkono, na mimi nikampa magongo. Nilitaka kumshika kwapa kwenye ngazi. Akanitazama tu, nikarudi nyuma.

Alishuka.

Kazi yake ya miaka yote ni kugonga mataruma, zile mbao zinazobeba reli, na kusikia kama kokoto chini yake zimeshikana au kuna uwazi. Leo alifanya hivyo hivyo kwa gongo. Aligonga, akainamisha kichwa, akagonga tena mbele kidogo. Akina mama waliacha kuimba wenyewe. Mahali pazima palitoa sauti fupi, iliyokufa pale pale. Alipofika pengine, hata mimi nilisikia tofauti.

"Hapa," alisema.

Mama Kulwa alipiga mguu wake mara moja, ukazama hadi kifundo. Kicheko kilichotoka hapo nadhani kilisikika stesheni.

Kuanzia hapo walimfuata kama kundi la vibarua. Yeye mbele akigonga, wao nyuma wakibomoa na kushindilia. Alikuwa mkali. Aliwarudisha nyuma mara kwa mara, akisema ardhi iliyopigwa juujuu ni mbaya kuliko isiyopigwa, maana inamdanganya mtu. Nilimletea vijiti vya kuwekea alama pale ambapo njia ilionekana mpya. Alivipokea na kuvichomeka mwenyewe.

Sijui kilikuwa kijiti cha ngapi nilipoona kwamba mtu hawezi kuchomeka kijiti akiwa na magongo mawili. Nikatafuta kwa macho. Gongo la kushoto lilikuwa limeegemezwa kwenye mpera, mbali naye.

Niliangalia pembeni, kama mtu anayeogopa kumshtua ndege.

Jua lilipoanza kwenda milimani tulikuwa tumemaliza zaidi ya nusu. Ukoka sasa ni aibu tupu: umekanyagwa, umechanika, una madoa ya udongo kila mahali. Fahari yangu yote imelala chini. Sikuona uchungu nilioutarajia. Nimetega mitego mitatu pembezoni, kwenye vijiti vya Stefano, na wiki ijayo nitapanda miche ya utupa kuzunguka uwanja wote. Maji yote yatakwenda kwenye mpapai mpaka mvua za vuli.

Akina mama walipoaga, Mama Kulwa alipanda barazani kuchukua daftari lake. Alipopita kwenye msumari akaitwaa kofia ya reli, akaivaa juu ya kilemba chake, akashuka ngazi nayo.

"Mama Kulwa," nilisema, "hiyo usiiguse."

"Nimeshaigusa, Mwalimu. Mtani akichukua kitu, nani wa kumkataza?" Akamgeukia Stefano. "Ukiitaka, njoo uigomboe kwangu. Mwenyewe. Nikimwona mke wako amekuja, au mtoto wa mtu ametumwa, naipikia ugali."

Nilidhani sasa amevuka mpaka. Kofia ile hata mimi siipangusi. Lakini mtani ana haki yake, na Stefano anaijua kuliko mimi. Alisimama katikati ya ukoka na gongo lake moja, akimtazama yule mama akivuka barabara na kofia imeinama upande mmoja, akipiga saluti kwa kila aliyekutana naye.

"Kichwa chenyewe hakina saizi ya kofia," alisema.

Kisha akacheka. Kicheko chake cha zamani, kile kinachoanzia puani. Ilibidi niende jikoni.

Wakati wa kula tulizungumza kuliko siku zote za karibuni. Nilimweleza kuhusu maji. Nilitegemea anilaumu, naye akasema kumbe ndiyo maana alikuwa akisikia harufu ya sabuni kila jioni, akadhani naosha ngazi. Mguu ulikuwa umevimba kidogo, nikaukanda kwa maji ya moto yenye chumvi. Alisema unamuuma. Alisema pia kwamba ni maumivu ya kazi, si yale mengine.

Nisijidanganye. Uwanja uliopigwa vizuri si mguu uliopona, na daktari hataangalia ukoka wangu. Fuko wanaweza kufungua njia zote usiku huu. Anaweza kuamka kesho goti limekaza, akasema tena, "Kesho, Mama Neema." Zimebaki wiki tatu. Sijui kama zinatosha. Jana nilikuwa na hakika kwamba hazitoshi. Leo sijui, na kutojua huku ni kuzuri zaidi.

Sasa amelala kitandani, macho wazi. Nilidhani ananisubiri nizime taa. Kumbe alikuwa akifikiri. Ameniuliza kama ule mtaro kabla ya nyumba ya Mama Kulwa bado una ubao wa kuvukia, au mvua za masika ziliuchukua.

Nimemwambia ubao upo.

"Mpana?"

Nimemwambia wa kutosha mtu na gongo.

Amefikiri tena. Kisha amesema fuko akinaswa usiku huu nisimtupe. Nimfunge kwa kamba nimwache kwenye ndoo, kwa sababu mtu hawezi kwenda kugomboa kofia mikono mitupu, na Mnyamwezi hana budi kufundishwa kwamba fuko ni chakula kizuri.

Saa nne na robo. Nalala.