Bibi, Nifungulie

4 Juni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Hamjambo hapo nyumbani? Mguu wa baba unaendeleaje, au bado anausingizia kila akitumwa dukani? Mimi mzima, ila sauti imekauka kwa mazoezi.

Mama, kaa kwanza. Nimepewa Bibi! Ni ule mchezo wa zamani wanaousoma shuleni miaka nenda miaka rudi, wa familia ya tajiri inayomfukuza mtumishi wake kwa kumsingizia wizi. Sehemu ya tatu mtumishi anarudi kwenye mvua, anagonga, analia, "Bibi, nifungulie," anataka tu apewe nguo zake. Mimi nimekaa na kikombe cha chai, nasema, "Mwacheni agonge. Akichoka ataondoka." Basi. Inakuja habari kwamba amekufa, na wote mezani tunaanza kupasiana lawama kama sahani ya chumvi. Watu hutoka wanafuta macho.

Mwongozaji ana sheria yake: kila mwenye nafasi ya kuigiza aitwe kwa jina la nafasi hiyo mpaka msimu uishe. Nikiwa chooni ni Bibi, nikiwa napiga miayo ni Bibi. Hata fundi wa mavazi ananiita hivyo. Yeye tunamwita Mama Pini, kwa sababu pini haziishi mdomoni mwake na huongea kwa pembe moja ya midomo. Jana alinipima kiuno akasema, "Bibi, ukiendelea kula hivi tutatafuta kitambaa kingine." Nilicheka mpaka nikadondosha utepe wake.

Sasa nisaidie. Uliwahi kufanya kazi kwenye nyumba ya watu wakubwa. Bibi wa namna hiyo hukaa vipi? Huongea vipi?

Kwa dereva jirani yetu nimekutumia shali zito la sufu. Jikoni kwenu shuleni asubuhi kuna baridi.

Mwanao,
Bibi (wa jukwaani tu)

*

15 Juni

Mwanangu Bibi,

Marahaba, tena marahaba kubwa. Hatujambo. Mguu wa baba yako umepona siku ile ile aliposikia kuna mpira wa miguu uwanjani.

Bibi wewe! Wewe uliyekuwa ukijifungia chooni vyombo vikitaka kuoshwa! Nimecheka hadi wapishi wenzangu wakaja kuniuliza kuna nini. Nikawaambia binti yangu sasa ana mtumishi, tena wa kumfukuza.

Shali limefika. Limenikaa utadhani nilipimwa. Wamelishika wote pale jikoni, mwalimu mkuu naye akaniuliza nimelitoa wapi. Nikanyanyua kidevu, nikasema, "Binti yangu."

Umeuliza habari za Bibi. Yule wangu hakuwa mtu wa kelele. Wenye kupiga kelele angalau wanajua upo. Yeye alikuwa akinituma huku anatazama dirishani. Siku aliyoniachisha kazi alikuwa anachagua vifungo vya gauni. Sijui kama angenitambua barabarani. Wewe igiza hivyo, usimtazame yule mtumishi hata kidogo, utaona watu watakavyokuchukia.

Msalimie huyo Mama Pini. Mwambie akubane kiuno, asikuonee haya.

Mama yako

*

2 Julai

Mama,

Shikamoo. Nisamehe leo sitauliza habari za afya.

Jumapili mchana ukumbi ulijaa. Tulifika sehemu ya tatu. Kawaida fundi wa sauti hugonga ubao upande wa kushoto, kwenye mlango wa mapambo, na mwenzangu anayeigiza mtumishi hulia akiwa hapo hapo nyuma. Jumapili mlango uligongwa kabla ya wakati wake. Tena uligongwa upande wa kulia. Ulikuwa ugongaji wa kweli wa mlango wa kweli, mpaka ukuta wa mbao ukatikisika. Sauti ikaita, "Bibi! Bibi, nifungulie!"

Ukumbi mzima ulinyamaza. Hakuna hata aliyekohoa. Nikatazama dirishani kama ulivyonifundisha, nikasema, "Mwacheni agonge. Akichoka ataondoka."

Watu walipiga makofi, mama. Hawajawahi kupiga makofi pale. Sauti ikaita tena, kisha ikanyamaza, tukaendelea mpaka mwisho.

Pazia lilipofungwa ndipo tukaona moshi. Upande wa kulia ndiko kuna stoo ya mavazi. Waya wa pasi ulishika moto, rundo la nguo likafuka, na Mama Pini alikuwa ndani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje na ufunguo upo mfukoni mwa mwongozaji, kwa sababu kulikuwa na habari za vitu kupotea, akaagiza Mama Pini awe anafungiwa humo mchezo ukiendelea. Walipofungua alikuwa amelala kizingitini. Yuko hospitali. Mikono imeungua na hawezi kutoa sauti.

Tangu siku ile silali. Kila nikifumba macho nasikia makofi. Ukutani wamebandika tangazo kwamba fundi aliacha pasi ikiwaka kwa uzembe, na kwamba ameachishwa kazi. Ijumaa tunaonyesha tena, kuna fundi mwingine.

Mama, ningejuaje? Kila mtu alidhani ni mchezo.

Mwanao

*

9 Julai

Mwanangu,

Barua yako nimeisomea jikoni nikaunguza chakula cha shule nzima. Baba yako alitaka kujua kuna msiba gani, nikampa barua aisome mwenyewe.

Mtu mzima anafungiwaje ndani kama kuku? Na ninyi wengine mlikuwa mnajua? Mlikuwa mkipita mlangoni kwake mkivaa na kuvua, mnajua mwenzenu amefungiwa, mnaendelea kuitana Bwana na Bibi?

Mimi sikwenda shule ndefu, lakini barua naijua kusoma. Umeandika sauti iliita upande wa kulia. Wewe unajua kulia kuna nini. Umeandika "sauti". Hukuandika ya nani. Mwenzako wa kuigiza mtumishi umefanya naye mazoezi mwezi mzima, humjui sauti? Usinimung'unyie maneno.

Halafu niambie, ni vitu gani vilivyopotea?

Nauliza kwa sababu nimelivua shali hili na nimelitandika kitandani mbele yangu. Ndani ya pindo kuna kipande cheupe kimeshonwa kwa mkono, kimeandikwa BIBI. Nilikiona siku ya kwanza. Nikacheka peke yangu, nikadhani umenifanya na mimi niwe Bibi.

Nijibu haraka.

Mama yako

*

20 Julai

Mama,

Shikamoo. Nimeandika na kuchana, nimeandika na kuchana.

Shali ni la mchezo. Lilikuwa limekaa stoo halivaliwi, Mama Pini mwenyewe alisema limepitwa na wakati. Nilikuwaza wewe na baridi ile. Nilitaka kumwambia kesho yake. Kabla sijasema, mwongozaji akalitaka, akatuita wote jukwaani, akaniuliza mimi kwa kuwa ni la Bibi. Mama, walikuwa wananitazama wote. Nilisema tu kwamba nilimrudishia fundi. Sikusema ameiba! Sikutaja neno wizi. Mama Pini alitoa pini mdomoni moja moja, akanitazama, akasema, "Labda nimesahau, Bibi." Amenisitiri, na mimi nikanyamaza.

Mlango si mimi niliyeufunga. Amri ni ya mwongozaji. Waya ule mbovu, fundi wa umeme aliambiwa tangu zamani. Hata Bwana na Binti wa jukwaani walisikia, walikuwa karibu na ukuta kuliko mimi. Kila mtu ana lake hapa, mbona uniulize mimi peke yangu?

Nikajisoma nikaona nimeandika maneno ya sehemu ya tatu, ya pale mezani, karibu neno kwa neno. Nimeyaacha ili macho yako yayaone.

Sauti niliijua. Alipoita mara ya kwanza tu niliijua. Nilisema moyoni, nimalize mstari huu, ukumbi umenyamaza, sijawahi kuupata hivi. Baada ya makofi niliona aibu kusimama. Alipoacha kugonga nilishukuru. Nilishukuru, mama.

Nikisema ukweli nitafukuzwa, na mimi sina kazi nyingine ninayoijua. Mama Pini wanasema atapona. Nifanye nini? Niambie lolote, ila usininyamazie.

Mwanao

*

11 Agosti

Mwanangu,

Nilipoisoma barua yako nilimpa baba yako naye akaisoma. Kisha nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi, nikaja mjini.

Usishtuke. Nimekuwa huko siku kadhaa na sikuja kwako. Asubuhi moja nilipita mtaa wenu, nikaona dirisha lako na nguo zako zimeanikwa. Nikaendelea na safari yangu.

Nilikwenda kwanza kwenye ukumbi wenu, kwa mlango wa nyuma penye mapipa, ndio walionionyesha. Nilimpa mwongozaji shali lake mbele ya watu waliokuwa wanashona, nikamwambia lilikuwa kwangu, limetoka kwa nani, na kwamba yule mama hajaiba hata uzi. Wewe ulikuwa hujafika. Alitazama shali, hakunitazama mimi. Akasema angeangalia la kufanya. Nikamwambia, "Tangazo lile ulitoe nikiwa nimesimama hapa hapa." Alilitoa, nafikiri ili niondoke.

Halafu nikaenda hospitali. Mama Pini ni mdogo kuliko nilivyodhani. Mikono yote imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko, na dada yake ndiye anamlisha. Daktari hajui kama vidole vitashika sindano tena. Nilimweleza mimi ni nani. Dada yake alitaka kunifukuza, yeye akatikisa kichwa niachwe. Nikamwambia habari za shali na za tangazo. Alilia bila sauti.

Kisha akaniita kwa macho niiname. Sauti yake sasa ni ya kunong'ona, ilibidi niweke sikio mdomoni kwake. Aliniuliza, "Alinisikia?"

Mwanangu, nimekuzaa kwa uchungu, na kwa ajili yako ningesema uwongo mbele ya hakimu. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema ukumbi ulikuwa na kelele. Nilitafuta neno nikamtazama yule mama na mikono yake, nikasema, "Ndiyo, alikusikia."

Akageukia ukutani. Nilikaa naye mpaka wakati wa wageni ukaisha, hakugeuka tena.

Sijakumwagia radhi wala kukulaani, na sitafanya hivyo. Wala usiniulize tena ufanye nini, la kufanya unalijua. Yuko wodi ya wanawake, kitanda cha mwisho. Wageni wanaruhusiwa mchana. Usiniandikie kabla hujaenda, maana sitafungua barua yako.

Bado ni mama yako