Nimewaficha Wachoraji Wangu kwa Jina la Unyenyekevu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeumba rangi zote na macho ya kuzitazama. Mpendwa mshauri, nakusalimu wewe, wenzako wa gazetini na wasomaji wako wote, nikitumaini kuwa mna afya na utulivu. Naomba msaada wako, tena naomba usinionee haya kwa sababu ya umri wangu, maana nimefika mahali ambapo mvi hazinisaidii.

Mimi ni mlezi wa jumba la sanaa lenye vyumba vitatu, kuta nyeupe, sakafu ya mbao inayolia ukipita, na meza yangu karibu na mlango, na kwa miaka ishirini na sita nimetundika humo kazi za wachoraji kwa kanuni mbili, kwamba mgeni hapigi picha, na kwamba mchoraji haandiki jina lake mbele ya mchoro bali nyuma ya turubai, kwa sababu nililelewa katika elimu ya dini na walimu wangu walinionya mapema juu ya ria, yaani kutenda jambo ili usifiwe, nami nikaona ni vyema mgeni anayetaka kumjua mchoraji aje mezani kuniuliza, nimweleze kwa utaratibu, na mazungumzo hayo ndiyo yaliyokuwa raha ya kazi yangu.

Siku hizi wageni wamepungua mno. Binti yangu, ambaye ni fundi wa miwani, amenisihi kwa muda mrefu nifungue tovuti. Aliniambia, "Baba, hata wauza majeneza wana tovuti, na wateja wao hawaoni kitu." Nilicheka, nikamjibu, "Mwanangu, michoro si sabuni." Akasema, "Sabuni angalau watu wanajua inapatikana wapi."

Sasa nikuungamie lililonileta. Yuko mama mmoja mchoraji tunayemwita Fundi Cherehani, kwa kuwa alishona nguo kabla ya kushika brashi, na michoro yake kumi na minne iko kwangu, na mmoja unaonyesha wagonjwa wakingoja zamu yao kwenye benchi la zahanati, na mgeni mmoja aliupiga picha kwa siri, akaurusha mtandaoni, ukapendwa na watu wasiohesabika, wakaulizana ni kazi ya nani, wakatafuta na wasione jina mbele ya mchoro wala neno lolote kutoka kwetu, mpaka mmoja akasema ni wa bwana fulani, mchoraji mwenye ukurasa uliojaa kazi zake, wengine wakaitikia, na bwana yule hakukana, hata ukumbi mmoja wa mbali ukauchapa kwenye kadi ya mwaliko pamoja na jina lake.

Fundi Cherehani alipata habari hizo kwa jirani aliyeingia chumbani mwake, akaona michoro yake mipya, akamwambia, "Dada, umemwiga vizuri yule bwana!" Alikuja kwangu siku hiyo hiyo, hakuketi. "Mzee," akasema, "nimeambiwa naiga mikono yangu mwenyewe. Mwisho wa mwezi ujao naja kuchukua kazi zangu zote."

Baada ya yeye kuondoka nilimwomba binti yangu anionyeshe picha hiyo kwenye simu, nikaipanua kwa vidole viwili kama alivyonielekeza, nikaenda kona kwa kona, na chini ya benchi nikaona jozi ya viatu visivyo na mwenyewe, vitu ambavyo macho yangu hayakupata kuviona kwa miaka miwili mchoro ule ukiwa hatua nne kutoka mezani pangu, nikatazama hata chai ikapoa, nikampigia mchoraji kumuuliza ni vya nani. Akasema, "Vya mama yangu. Aliitwa ndani, hakutoka tena. Leo ndiyo unaniuliza, mzee?"

Mshauri, tangu siku hiyo nimekuwa kama mwanafunzi mpya. Najiuliza mtu wa mbali huona nini kwenye kioo kisichozidi kiganja? Je, akishaona huko bado atakuja kwangu? Je, kutangaza kazi si kufungua mlango wa ria? Nimeweka akiba ya kupaka rangi ukuta wa mbele, na binti yangu anataka niitumie kwa tovuti. Nifanye nini ili mama huyu asiondoke? Mungu akuzidishie hekima na ailinde nyumba yako.

Mlezi wa Jumba

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu, shikamoo. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kwanza nakushukuru kwa kuungama bila kujipamba. Wengi wa rika lako wangemlaumu aliyepiga picha, wakalala.

Lakini niruhusu nikukaripie kwa adabu. Unahofia ria, na ni haki yako kuihofia katika nafsi yako. Jina ulilolificha, hata hivyo, halikuwa lako. Bahasha uliyonitumia ina muhuri wa jumba, na kwenye muhuri huo jina lako limechapwa kwa herufi kubwa! Ukinyima jina lako sifa, huo ni unyenyekevu. Ukilinyima la mwenzako, hiyo ni haki ya mtu umeikalia.

Kanuni yako haikuzuia mchoro kutoka nje. Ulitoka, ukazunguka dunia, ila ulitoka yatima. Watu waliuliza kwa moyo safi, tena swali lile lile ambalo ulipenda kuulizwa mezani, na hapakuwa na mtu wa kuwajibu. Mezani pako sasa kuna viti visivyo na mwisho, mzee, nawe umeinuka ukaondoka.

Unauliza mtu huona nini kwenye kioo kidogo. Wewe uliona viatu. Ni kweli kioo hakionyeshi unene wa rangi wala ukubwa wa turubai, basi andika vipimo, na mweke mtu asimame kando ya mchoro picha inapopigwa. Atakayevutiwa atatamani kuuona wenyewe, naye akute saa za kufungua na maelekezo ya njia. Ukuta wa mbele huonwa na wapita njia tu, kwa hiyo uache na madoa yake mwaka huu. Akiba hiyo mlipe mpiga picha mzuri na mtengeneza tovuti iliyo mali ya jumba, si ukurasa wa kuazima kwenye mtandao wa kijamii peke yake. Kila mchoro uwe na jina la mchoraji, mwaka, na sauti yako ukiueleza kama unavyowaeleza wageni. Kisha pawe na mtu wa kujibu maswali kila siku, maana tovuti iliyoachwa ni mlango uliofungwa na taa ikiwaka.

Hayo yote, hata hivyo, yanakuja baada ya jambo moja. Nenda kwa Fundi Cherehani wiki hii, usimtume binti yako. Usianze na mawaidha. Mwambie, "Nimekukosea," kisha nyamaza umsikilize, hata akisema hadi jua lizame. Mwombe ruhusa ya kuonyesha kazi zake, na mwulize yeye kama habari ya viatu iandikwe kando ya mchoro au ibaki yake. Akikubali, piga picha nyuma ya turubai, penye jina na tarehe kwa mkono wake, uupelekee ukumbi ule na bwana yule, ukidai warekebishe hadharani.

Inawezekana asikubali kubaki, nami siwezi kukuahidi. Siku akija kuchukua kazi zake, uzishushe mwenyewe ukutani, uzifunge vizuri, umsindikize hadi garini. Kisha rudi ndani na, akiwa ameridhia, uliandike jina lake kwenye tovuti yako kama mchoraji wa benchi lile, hata kama ukuta wako umebaki mtupu. Hiyo ni haki yake, awe kwako au asiwe.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi mwepesi wa kuomba radhi, amfariji mama huyo kwa kumpoteza mama yake, na aijaze amani nyumba yako na ya kila anayesoma haya.