Nani Anamlipa Anayemshika Mwita?

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Baba naye shikamoo. Mama, mguu wako umepona? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa, au bado anawatania tu? Sisi huku Marekani ni wazima, baridi tu ndiyo inatuonea. Kaka Chacha, wewe unayemsomea Mama, soma polepole na usiruke mahali.

Mama, uliniuliza kwenye simu kama nitamtuma Mwita na wifi Robhi atakaporudi Tarime mwisho wa mwaka, mtoto akae nawe Nyanungu mpaka nimalize masomo. Nikasema nitajibu kwa barua, maana jibu ni refu. Vumilia.

Chuo ninachosoma kina watu wa digrii, ila mimi siko upande huo. Sisi ni watu wazima, tunajifunza Kiingereza na kuhudumia wazee na wagonjwa. Hakuna ada, wala hakuna alama za kukupeleka kwenye digrii. Halafu kuna mama mmoja, mshauri wa wanafunzi, kazi yake ni kuuliza tu tumekwama wapi. Mimi nilikuwa nakosa vipindi kwa ajili ya Mwita, kwa sababu baba yake yuko kazini ghalani kutwa. Yule mama akanishika mkono akanipeleka chumba cha watoto, hapo hapo chuoni. Mura wako, huyo mjukuu wako wa kiume, anacheza, anakula, analala, mimi nasoma chumba cha pili. Bure!

Sasa hiyo bure ikaninyima raha. Unajua kwetu: watu wakija kukupalilia, siku yao ikifika na wewe unabeba jembe. Usipokwenda utasemwa mpaka na watoto. Nikangoja yule mshauri aniite kwake nikafanye kazi, haniiti. Basi siku moja nikaona chini ya dirisha lake pamejaa magugu, yamekaukakauka. Nikasema, hapa ndipo pangu. Nikaazima jembe kwa jirani, nikainama, nikang'oa yote mpaka udongo ukabaki upara. Nilijisifu kweli!

Akaja mtunza bustani, akashika kichwa. Kumbe yamepandwa, Mama! Huku watu wanapanda majani makavu makusudi, eti hayanywi maji mengi. Wee, nilitamani ardhi ipasuke. Mshauri akatoka, nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kwamba nilikuja kurudisha kazi. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Ghati, hunidai na mimi sikudai. Nalipwa mshahara."

"Na nani?"

"Na wewe. Ukinunua sabuni dukani kuna kodi. Inakwenda kwenye jimbo, jimbo linaileta hapa."

Tangu siku hiyo nauliza kila mtu, mpaka baba Mwita amechoka na mimi. Kwa hiyo yule mzee ninayekutana naye dukani akichagua samaki, asiyenijua, asiyejua hata Tarime iko wapi, naye anamlipa anayemshika Mwita? Na hajawahi kuja kumwona mtoto? Kwetu anayekusaidia unamjua mpaka ukoo wake. Hawa wamewezaje kuaminiana hivyo? Au hawajui tu kwamba wanalipa?

Nafikiri wengi hawajui, na hilo nusura lituponze. Fedha za serikali zilipungua, bodi ya chuo ikataka kukifunga chumba cha watoto cha upande wetu. Wa digrii wanaonekana, wanavaa majoho na kupigwa picha. Sisi nani atatuona? Mshauri akatuambia kikao ni cha wazi, mwenye neno aje aliseme. Nikaenda. Mzee mmoja wa bodi akaniuliza kwa adabu tu, "Ukimaliza masomo haya, utakuwa na nini cha kutuonyesha?"

Nikamjibu, "Mama yako akiugua nitaweza kumwogesha, na akiniambia panapouma nitamwelewa. Lakini mkifunga kile chumba, mwanangu atapanda ndege aende kwa bibi yake, au mimi niache masomo."

Aliandika kwenye karatasi yake. Kisha akamwita mwingine.

Jana wametujibu. Chumba kinabaki. Ni kwa mwaka huu tu, mwakani tutaanza kubishana upya, ila kinabaki.

Wenzangu walishangilia mpaka wakatoka nje. Mimi nilifurahi, halafu nikakufikiria wewe, moyo ukaniuma. Najua umeshamtengea Mwita kitanda. Najua nyumba imepoa tangu tuondoke.

Nisalimie mama mdogo wa Susuni, mwambie kitenge chake nakivaa mpaka darasani. Msalimie mke wa Chacha na wanawe. Bibi mzaa Baba mwambie unga wa ugali nimeupata, asihuzunike kwamba nashinda na mkate.

Mama, uliwahi kuniambia kwamba ulikuwa unakwenda ngumbaro, ukafikia kuandika nusu ya jina lako, ndipo nikazaliwa mimi. Nikawa nalia darasani, mwalimu akasema urudi mtoto akishakua. Hukurudi. Na mimi sijawahi kukuuliza: pale nje angekuwepo mtu wa kunishika, ungebaki?

Wifi Robhi atashuka peke yake, Mama. Nisamehe. Mtoto nabaki naye, na darasa nabaki nalo.

Mwanao akupendaye,
Ghati