Vifo Visivyokuwa Vyetu

Kichochoro cha Cropper,
Bradford.
9 Machi, 1874

Mpendwa dada Dinah,

Barua hii ikukute huko Otago ng’ambo ya bahari ukiwa mzima, pamoja na mumeo Saul, na mtoto ameanza kutambaa. Sisi hatujambo. Mama kikohozi kimempungua, ila bado anainusa kila dawa kabla ya kuinywa, akiamini mwuza dawa anaongeza maji.

Unajua mimi ni karani kwa msajili wa vizazi na vifo. Mwezi wa Januari diwani Crossdale alileta ripoti kwamba kwa kila watu elfu wa huku bondeni, arobaini na mmoja walikufa mwaka jana na thelathini na wanane tu walizaliwa. Kule Highcroft, mtaa wa matajiri, walizaliwa ishirini na saba, wakafa kumi na saba. Akasema uchafu wetu unatuua, na nyumba zetu zibomolewe kwa huruma.

Crossdale hajawahi kutuhurumia. Nikauliza kimya kimya, nikaambiwa amekwisha kununua uwanja ulio nyuma yetu na anataka kujenga ghala la sufu.

Basi nikafungua kitabu cha vifo. Kinaandika mtu alipofia, si alikokuwa akiishi. Katika vifo mia mbili na kumi na vinne vya bondeni, tisini na vitatu vilitokea katika hospitali ya maskini iliyo mwisho wa kichochoro chetu. Watu wanaletwa humo kutoka mji mzima. Mmoja wao alikuwa mpishi mzee wa Crossdale mwenyewe, aliyeletwa kufia kwetu.

Nikayasoma hayo kwenye mkutano wa wazi.

“Wewe unakaa wapi?” Crossdale akaniuliza.

“Huko huko bondeni, bwana.”

“Kumbe unatetea kitanda chako.”

“Ndiyo, bwana. Na wewe unatetea ghala lako.”

Watu wakacheka, na shauri la kubomoa likafa siku ile. Siku mbili baadaye akanitumia salamu: nikafanye kazi ofisini kwake, na chumba atanipa Highcroft. Mama akasema, “Paka hamwaliki panya kunywa maziwa.” Nikakataa.

Lakini dada, sijakueleza yote. Hata nilipoondoa wafu wa hospitali, vifo vya watoto wetu wachanga vilibaki vingi. Katika kila mia wanaozaliwa huku, ishirini na sita hawafikishi mwaka. Highcroft ni kumi na mmoja. Msajili aliniambia niiache karatasi hiyo mezani, nisimpe Crossdale silaha. Nikaona nikificha, nitakuwa kama yeye. Nikaisoma pia katika mkutano ule ule.

Tangu hapo majirani walinitazama kwa jicho la pembeni. Bi Tordoff, aliyemzika mwanawe mchanga Albert mwezi wa Agosti, alinisimamisha mlangoni.

“Na Albert wangu ulimhesabu?”

“Nilimhesabu, Bi Tordoff.”

“Mbele ya mabwana wale?”

“Ndiyo.”

Akaondoka. Majuma matatu hakuniitikia salamu, na wengine wakasema nalipwa kwa kila kichwa.

Jana alikuwa anatoka kisimani na ndoo yake. “Enoch, kule Highcroft watoto wanakunywa maji ya wapi?”

“Ya bomba, kutoka mlimani.”

“Na haya yetu?”

Nikatazama kiwanda cha rangi kilicho upande wa juu wa kisima. Hesabu zangu hazisemi kitu juu ya maji, na nilimwambia hivyo, kwamba ninashuku tu.

Akaimwaga ndoo yote juu ya mawe, akaenda kugonga mlango wa jirani. Leo asubuhi wanawake kumi na mmoja wamekwenda kwa madiwani kudai bomba, kila mmoja na ndoo tupu. Mama yumo, pamoja na kikohozi chake.

Msalimie Saul, na shangazi Keziah ukimwandikia. Mtoto mbusu kwenye paji la uso kwa niaba yetu. Mungu awalindie pumzi zenu, na maji mnayokunywa huko.

Ndimi nduguyo akupendaye,
Enoch Sugden